Kabla hujampaka mnyama asali kidondoni

Asali inatibu vidonda vya mifugo, sina ubishi na hilo. Nimeponya nayo migongo ya punda iliyochubuliwa na mikanda ya mkokoteni, na mbuzi aliyeraruliwa na seng'enge. Sukari yake huwanyonya vijidudu maji hadi wakauke, ina uchachu wasioupenda, na ikichanganyika na majimaji ya kidonda hutoa kidogo kidogo haidrojeni peroksaidi, dawa inayoua vijidudu. Lakini jiandae kwanza.

Asali iwe mbichi, isiyochemshwa, kwa sababu moto huharibu kile kinachotoa hiyo dawa. Ile ya kando ya barabara iliyoongezwa maji ya sukari, iache hapohapo. Tenga chupa ya kidonda peke yake, na usirudishe ndani kidole kilichogusa usaha. Ukiweza kupata asali ya tiba iliyosafishwa kwa mionzi, ndiyo bora, maana hata asali safi ya mzingani inaweza kubeba vijidudu vilivyolala.

Maji ya kuoshea: chemsha nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yapoe. Nyoa manyoya pembeni. Andaa vitambaa safi na bandeji. Pampasi ya mtoto nayo hunyonya vizuri. Badilisha kila siku wakati kidonda bado kinatoa maji mengi. Usikiache wazi, sisimizi watakuja na mnyama mwenyewe atakilamba. Na awepo mtu wa kumshika, teke la punda si mchezo.

Sasa nisikilize kwenye hili: pima kina cha kidonda kabla hujafungua chupa.

Punda wangu jike alikanyaga msumari msimu wa kusomba mahindi. Niliuchomoa kwenye kwato, nikaosha juu juu, nikajaza asali tunduni, nikafunga. Siku ya nne tundu limeziba, halinuki, hachechemei. Nikamrudisha kazini, na majirani nikawahadithia jinsi asali ilivyofanya kazi. Siku ya kumi na moja, alfajiri, nilimkuta amesimama kama meza: miguu imetanuka, masikio yamekakamaa, mkia umenyanyuka. Nikamsogezea ndoo, akatumbukiza mdomo, asiweze kumeza. Nilipopiga makofi kumshtua, utando mweupe uliruka kutoka pembe ya jicho ukalifunika. Bwana mifugo alipofika alimtazama tu kutoka mlangoni akasema pepopunda. Alimchoma sindano, tukamweka penye giza na utulivu. Siku ya tatu alianguka, hakuinuka tena.

Jina la ugonjwa wenyewe linamtaja punda, na mimi sikulifikiria. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi, na hustawi mahali pasipo hewa. Tundu jembamba lililofunga juu huku uchafu umebaki chini ndilo wanalolitaka. Asali yangu haikufika kule chini. Ilinipendezeshea mdomo wa kidonda tu.

Kwa hiyo jeraha la msumari, mwiba au jino usilijaze asali ukaliziba. Mwite mtaalamu siku ileile, alifungue, alisafishe hadi mwisho, na aamue kama mnyama apewe sindano ya kinga. Bora zaidi, mchanje punda mapema: chanjo mbili zilizopishana wiki 4 hadi 6, kisha marudio kwa ratiba atakayokupa. Mbuzi na kondoo unaowahasi kwa mpira nao wamo katika hatari hiyo.

Mengine ni haya. Kidonda chenye funza, watoe wote kwanza. Kilicho karibu na jicho, au kwenye goti na kinatoa ute, si cha asali ya nyumbani. Kilichotokana na kuumwa na mbwa kioshe kwa sabuni na maji mengi, ukiwa umevaa glovu, kisha toa taarifa kwa ofisi ya mifugo, maana hapo pana hofu ya kichaa cha mbwa. Kikianza kunuka au kuvimba, acha kupaka, tafuta msaada. Na punda mwenye mchubuko wa mkanda apumzike hadi ngozi ifunge, mkanda nao uviringishiwe matambara laini, la sivyo utamaliza chupa nzima ya asali na kidonda kiko palepale.