Wahudumu wa mochwari, tenganisheni mwili na vitu vya marehemu
Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kenya, wakiwemo watoto wengi. Katika kazi kama hiyo, kinachomvunja mhudumu mara nyingi si harufu wala damu. Ni kiatu kidogo, picha kwenye simu, barua mfukoni. Hapo maiti anageuka mtu unayemjua. Basi anayeshughulikia mwili asiwe ndiye anayeorodhesha vitu vyake, na zamu zibadilishwe. Usisome barua kama kazi haidai. Ukiletewa mtoto wa rika la mwanao, mwombe mwenzako akupokee, na msimamizi asikudai maelezo. Ndoto za kazini zikikuandama zaidi ya mwezi, nenda kwa mshauri nasaha, usingoje likizo.