Kuchagua sponji ya paipu za maji moto kutoka kwa hita ya sola

Maji ya sola Nairobi hupashwa mchana lakini wengi wetu huyaoga alfajiri. Tangi huwa limevishwa kihami joto kizuri tangu kiwandani, ila paipu inayoteremka kutoka kwake mara nyingi huachwa uchi, au huvishwa sponji (ala laini yenye vitundu, ya kuzuia joto lisipotee) ambayo baada ya mwaka mmoja juani imebaki vipande vipande. Mwongozo huu ni wa kuchagua kitu kitakachodumu, kwanza pale juu ya paa, kisha ndani ya dari.

Tuanze na kile ambacho sponji haiwezi kufanya. Paipu ya PPR (plastiki ngumu) ya milimita 25, ile nene ya maji moto (PN20), ina upana wa milimita 16.6 kwa ndani, kwa hiyo kila mita hubeba takriban lita 0.22. Ikiwa bafu liko mita 15 kutoka kwa tangi, zaidi ya lita 3 za maji baridi lazima zitoke kabla ya maji moto kufika. Usiku mzima ukipita, maji hayo yatakuwa yamepoa hata ukivisha paipu namna gani. Dawa ya hilo ni paipu fupi, au nyembamba zaidi: PPR ya milimita 20 hubeba lita 0.14 tu kwa mita, na bafu moja huhitaji hiyo tu. Fundi akikuuzia wazo kwamba sponji itamaliza kusubiri kwa asubuhi, anakudanganya.

Faida ya sponji inaonekana kati ya mtu wa kwanza kuoga na wa pili. Chukua paipu hiyo ya milimita 25 ndani ya dari, maji yakiwa nyuzi 60 na hewa nyuzi 18, hakuna upepo. Ikiwa uchi, maji hushuka hadi nyuzi 40 kwa dakika ishirini na kitu hivi. Ikivaa sponji ya unene wa milimita 13, huchukua karibu saa nzima. Ukiongeza unene hadi milimita 19, unapata kama dakika kumi nyingine, basi. Milimita za kwanza ndizo zinazofanya kazi kubwa. Zinazofuata huongeza kidogo kwa bei kubwa. Ndani ya dari, 13 inatosha. Nje juu ya paa, ambako upepo wa usiku hunyonya joto haraka, weka 19. Sponji ya milimita 6 iache kwa paipu iliyozikwa ukutani, ambako hakuna nafasi ya nyingine.

Sasa aina. Madukani utakutana na mbili hasa. Ya kwanza ni ya polithini: nyepesi, mara nyingi ya kijivu, ya bei rahisi. Ibonyeze kwa kidole gumba na alama itabaki. Ikunje na itafanya mikunjo kama karatasi. Ya pili ni ya mpira: nyeusi, nzito kidogo, laini, ukiibana inarudi ilivyokuwa, na ukiikata unaona vitundu vidogo sana vilivyofungana. Polithini haipendi joto la juu. Nyingi hufikia kikomo kati ya nyuzi 80 na 100, na tangi la sola Januari au Februari, siku ambayo hakuna mtu nyumbani wa kutumia maji, linaweza kufika huko. Hapo sponji husinyaa kwa urefu, na kila kiungo huacha pengo la vidole viwili. Mpira wa kawaida wa nitrili huvumilia hadi takriban nyuzi 105. Maji yenyewe Nairobi huchemka karibu nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko wetu, kwa hiyo kwa paipu inayoshuka kutoka kwa tangi mpira wa nitrili uko salama.

Sehemu moja tu inadai zaidi: vipande vifupi vya paipu vinavyounganisha paneli bapa (ile inayokusanya joto la jua) na tangi. Paneli ikikosa maji huku jua likiwaka, joto lake hupita nyuzi 150. Hapo nunua sponji ya EPDM, ambayo ni mpira uliotengenezwa kwa ajili ya sola. Hita za mirija ya kioo zinazoingia moja kwa moja kwenye tangi hazina vipande hivi, usikubali kuuziwa.

Sufi ya kioo (pamba ya nyuzi za kioo) ni nzuri ikikaa kavu. Juu ya paa haikai kavu. Msimu mmoja wa mvua ndefu na inageuka kuwa kitambaa chenye maji kinachopoza paipu badala ya kuihifadhi. Matambara na blanketi kuukuu vivyo hivyo, na kwenye paipu ya chuma huongeza kutu juu yake.

Kipimo huwachanganya wengi. Sponji za mpira hufuata vipimo vya paipu za shaba: tundu la milimita 22, 28, 35. PPR yako ni 20, 25 au 32 kwa nje. Kwa hiyo 20 huvaa sponji ya 22, ya 25 huvaa 28, ya 32 huvaa 35. Paipu ya chuma ya nusu inchi ina milimita 21.3 kwa nje na huvaa 22. Ya robo tatu ina 26.9 na huvaa 28. Ya inchi moja huvaa 35. Usinunue ya kubana sana kwa kufikiri itashika vizuri. Ikivutwa ili ifunge, ule mpasuo wa kuivishia paipu utafunguka gundi ikizeeka. Kama duka la hadiweya la mtaani lina ya polithini tu, tafuta wanaouza vifaa vya friji na AC, Industrial Area kwa mfano. Wao hawawezi kufanya kazi bila ile ya mpira.

Tuseme una mita 4 juu ya paa na mita 10 ndani ya dari, zote PPR ya 25. Vipande vikiwa vya mita mbili, nunua vitatu vya 28 kwa 19 (tundu kwa unene) na sita vya 28 kwa 13. Ziada ni ya elbo na tii (viungo vya kona na vya njia tatu), ambazo hula sponji kuliko unavyodhani. Ongeza kopo dogo la gundi ya mpira inayotengenezewa sponji hizi, na kitu cha kufunika sehemu ya nje.

Kifuniko hicho ndicho watu hukiruka, na ndicho kinachoamua kama kazi itadumu. Jua letu la karibu na ikweta, katika mwinuko wa takriban mita 1,700, hula mpira mtupu: kwanza unakuwa mgumu, kisha unapasuka, kisha unadondoka ukiuparuza kwa ukucha. Afadhali sponji ya unene wa 13 iliyofunikwa kuliko ya unene wa 25 iliyo wazi. Rangi nyeupe ya maji, mikono miwili, ni kinga ya bei nafuu, ila itarudiwa kila baada ya miaka michache. Usitumie rangi ya mafuta. Kiyeyushi chake huumiza mpira. Tepu ya alumini inafaa ikiwa sponji ni kavu na safi unapoibandika. Bora zaidi ni kuingiza paipu iliyovaa ndani ya paipu ya PVC ya maji taka. Piga hesabu: 25 jumlisha 19 mara mbili ni 63, kwa hiyo unahitaji ya milimita 75. Iingize kabla fundi hajachomea elbo ya mwisho.

Kufunga kwenyewe si kazi ngumu. Pima mfumo kwanza kwa maji, uhakikishe hakuna kiungo kinachovuja, kisha ufunge maji na uache paipu ipoe. Pasua sponji kwa kisu kikali cha ubapa mwembamba, si msumeno. Kata kila kipande kirefu kidogo kuliko nafasi, sentimita mbili hivi kwa kila mita, ukisukume kiingie kwa kubanwa. Sababu ni kwamba PPR ya kawaida hurefuka milimita 0.15 kwa mita kwa kila nyuzi moja: mita 10 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 hurefuka sentimita 6. Sponji iliyokatwa sawasawa itaachwa na mapengo siku ya kwanza ya jua. Paka gundi pande zote mbili, subiri hadi isishike kidole, kisha bana. Kwenye elbo kata pembe ya nyuzi 45 pande zote mbili. Mpasuo uelekee chini au ubavuni, usitazame mvua. Tepu ya nje anza kuizungusha kutoka chini kwenda juu, ili kila mzunguko wa juu uulalie wa chini kama mabati yanavyolaliana. Usifungulie maji moto hadi saa 36 zipite.

Valvu ya usalama na paipu yake ya kumwagia, pamoja na paipu ya kupumulia tangi, usizivishe wala kuzifunika. Lazima zionekane na zifanye kazi bila kizuizi.

Ikiwa pesa ni za nusu kazi, anza na mita mbili za kwanza kutoka kwa tangi. Hizo hupoteza joto usiku kucha hata kama hakuna anayetumia maji, kwa kuwa joto la tangi huzifuata. Kisha malizia sehemu ya nje yote, halafu uingie dari.

Mwenye AC anaweza kutumia sponji hiyohiyo ya mpira kwenye paipu ya gesi, lakini hapo sheria ni kali zaidi. Paipu baridi hutoa jasho, na pengo la milimita chache tu kwenye kiungo linatosha kudondosha maji hadi silingi ipate duara la kahawia. Kwenye maji moto pengo ni hasara. Kwenye AC ni uharibifu.

Rudi paani baada ya mvua ndefu za kwanza. Bonyeza sponji sehemu ya chini kabisa, pale paipu inapoingia ndani ya paa: ikitoa maji, mpasuo wa juu yake umefunguka, na utaupata ndani ya mita moja.