Bathdei ya kijana wako: nani aalikwe, nani aachwe (somo, mwenye swali aulize)

Mwaka jana binti yangu akitimiza 14 niliandika listi mimi mwenyewe, nikajaza binamu zake, watoto wa kanisa na wa marafiki zangu. Rafiki yake wa ploti ya jirani, ule wanatembea naye kutoka shule kila siku, nikamsahau kabisa. Siku yenyewe sebule imejaa, mwenye bathdei ako jikoni anaosha vikombe, na huyo rafiki nikamwona akipita nje na mtungi wa maji, akaangalia puto kwa geti, akainama akaenda. Hiyo kitu bado inaniuma, ndio naandika hii.

Hatua ya 1. Anza na idadi, majina baadaye. Mimi napima na soda: kreti moja ni chupa 24, toa za watu wa nyumba, unabaki na wageni kama 18. Hapa kwangu Kiamunyi, Nakuru, wakizidi hapo wataenda kusimama barabarani na bodaboda zinapita mbio.

Hatua ya 2. Mpe kalamu aandike peke yake, wewe kaa kando. Usiulize baba ya fulani anafanya kazi gani, watoto wanaisikia na wanaibeba mpaka shule. Wewe chukua nafasi 4 tu za binamu, juu shangazi akikasirika ni wewe utapigiwa simu.

Hatua ya 3, na hapa ndio kuna kazi: wale wanaachwa. Kama darasani wasichana ni 9 na anataka 7, alika wote 9, kwa sababu wale wawili watajua ni wao tu. Akitaka 3 haina shida, hakuna mtu atahesabu. Na mwaliko usiingie kwa grupu ya WhatsApp ya darasa hata kidogo, pigia mama wa kila mtoto, hapo pia unajua nani ameruhusiwa na nani hakuli nini.

Hatua ya 4. Kama marafiki wako bodingi ngoja likizo ya Agosti. Saa nane mpaka saa kumi na moja inatosha, mtoto wa Lanet anabadilisha matatu tauni na giza linaingia kabla saa moja.

MASWALI

Mama, Migosi Kisumu: Kijana wangu wa 15 anataka kualika msichana, babake amekataa katakata. Nifanye aje?
Jibu: Dada, ongea na mama ya msichana kwanza, halafu aje na wenzake wawili. Baba akisikia wazazi wameongea huwa anatulia. Ukikataa kabisa watakutana mahali hauko.

Baba, Kakamega: Kuna mtoto alimpiga wangu muhula wa kwanza, na mama yake tunasali pamoja.
Jibu: Ndugu, muulize mtoto wako mkiwa wawili. Akisema hapana ni hapana, mama yake mwalike wewe chai siku ingine.

Mama, Lanet: Na wakileta wadogo zao bila kuambiwa?
Jibu: Wapikie tu, mama. Ongeza pakiti moja ya unga ya kilo 2, mtoto akishafika kwa geti harudishwi.

Mama, Free Area: Yule wa mtungi, mliongea?
Jibu: Nilienda kwao kesho yake na keki. Mama yake alinikaribisha vizuri sana, mtoto akasema ameshiba. Mwaka huu binti ameanza listi na jina la huyo rafiki, jumamosi nitaenda mwenyewe kumwalika.