Jinsi ya kupima namba tasa kubwa kwa kalamu na daftari

Watu wakisikia kuna namba tasa yenye tarakimu 41,024,320 wanadhani kompyuta ilikaa ikaigawa kwa 2, kwa 3, kwa 5, mpaka mwisho. Hapana, kwa njia hiyo isingemaliza milele. Namba yenyewe ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841 toa 1, aliipata Mmarekani Luke Durant Oktoba 2024 kupitia GIMPS, mradi wa watu wanaojitolea kompyuta zao kusaka namba tasa za aina hii, na kipimo kilichoithibitisha, Lucas-Lehmer, unaweza kukifanya leo hapo ulipo.

Chukua ndogo ya aina hiyo hiyo, 2 kwa kipeo cha 7 toa 1, yaani 127. Kwanza cheki kipeo, lazima nacho kiwe tasa, kama sio usijisumbue, mfano 9 inakupa 511 ambayo ni 7 mara 73. Kipeo kikiwa poa unaanza na 4, unaizidisha kwa yenyewe, unatoa 2, jibu likizidi 127 unabaki na baki tu, halafu unarudia. Mara ngapi? Kipeo toa 2, kwahiyo hapa mara 5.

4 mara 4 ni 16, toa 2, 14. 14 mara 14 ni 196, toa 2, 194. Sasa hapa ndo penye utamu wote, usigawe kwa 127! Tumia 128, maana 128 ni 127 na 1 juu, kwahiyo kila 128 moja inaacha baki 1. 194 ni 128 moja na 66, unajumlisha 1 na 66 unapata 67. Ya 67 (67 mara 67, toa 2) inakuja 4487, ndani yake kuna 128 mara 35 na 7 juu, 35 na 7 ni 42. Ya 42 inaleta 1762, yaani 13 na 98, ni 111. Ya 111 inaleta 12319, yaani 96 na 31, jumla 127 kamili, baki sifuri. Mara ya 5 umepata sifuri basi 127 ni tasa, imeisha hiyo.

Kompyuta haigawi kabisa, kwa 127 inakata biti 7 za mwisho (biti ni zile 0 na 1 inazoandikia namba) inazijumlisha na zilizotangulia, ndo maana namba za aina hii zinapimika hata zikiwa ndefu hivyo. Na Mfaransa Édouard Lucas mwaka 1876, kwa njia inayofanana na hii, alithibitisha ile ya kipeo 127, tarakimu 39, bila kompyuta yoyote, mimi hilo huwa linanigusa sana.

Ukishazoea jaribu kipeo 11, namba ni 2047, sasa unatumia 2048 na unarudia mara 9. Baada ya 14 na 194 utakutana na 788, 701, 119, 1877, 240, 282, na ya mwisho 1736. Sio sifuri, kwahiyo sio tasa, na kweli 2047 ni 23 mara 89, ila angalia, kipimo kimekukatalia bila kukutajia 23 wala 89.