Somo: Seli ya perovskaiti idumu vipi kwenye unyevu wa Dar

Perovskaiti ni fuwele inayogeuza mwanga kuwa umeme ndani ya seli ya jua. Tabaka lake likiwa zima lina weusi wa kahawa chungu. Maji yakiingia linageuka manjano: hiyo ni iodidi ya risasi (madini ya risasi yaliyoungana na iodini) iliyobaki. Mwaka 2009 seli hizi ziligeuza 3.8% ya nishati ya mwanga kuwa umeme, leo za maabara zimepita 25%. Umeme upo, umri ndio shida.

Hatua ya 1. Badili mapishi. Methilamoniamu, kiungo kimoja cha perovskaiti, huruka joto likipanda. Badala yake tumia formamidini, uitie sesiamu kidogo, maana peke yake nayo hugeuka manjano hata bila joto.

Hatua ya 2. Paka tabaka ndani ya boksi lililofungwa lenye gesi ya naitrojeni. Masika ya hapa AC haikuokoi.

Hatua ya 3. Elektrodi, yaani tabaka linalotoa umeme nje. Iodidi ya perovskaiti husafiri hadi kwenye fedha na kuila. Kaboni hailiwi. Ufanisi unashuka kidogo, mimi nimekubali hasara hiyo.

Hatua ya 4. Kuziba, na hapa ndipo wengi tunaangukia. Seli yangu ya kwanza niliiziba kwa gundi ya silikoni ya duka la vifaa, ile inayonuka siki. Harufu hiyo ni asidi, adui tosha. Halafu silikoni huzuia matone lakini mvuke hupita. Siku chache tu, utepe wa manjano ukaanza pale waya unapotokea, ukatambaa kuelekea katikati. Tumia vioo viwili na mpira wa butili ukingoni, upana wa sentimita moja hivi, na pale penye waya ongeza. Ukingo ndio mlango.

Hatua ya 5. Pima: nyuzi 85, unyevu 85%, saa 1,000. Kisha pima juani ikiwa inaendesha kifaa.

MASWALI

– Mwalimu, plastiki ya juu badala ya kioo?
– Ya kawaida hupitisha mvuke. Kwa Dar, kioo.

– Kaka, hiyo risasi si sumu?
– Ni sumu, na huyeyuka kwenye maji. Kioo kikipasuka itoe juani kabla ya mvua, vaa glavu.

– Seli yangu jioni imechoka, asubuhi imepanda tena. Mita mbovu?
– Mita nzima. Ioni (chembe zenye chaji ndani ya tabaka) husogea mchana, usiku nyingine hurudi zilikotoka. Andika namba za asubuhi na jioni kila siku. Ukipima mchana tu utaizika ikiwa hai.