Nenda Warshani Kutafuta Kitanzi: Namna ya Kujifunza Kuunga Mikufu ya Shanga

Mkufu wangu wa kwanza wa shanga ulidumu siku sita. Niliutengeneza kwenye warsha ya asubuhi moja, wanafunzi kumi na wanne tumezunguka meza ndefu. Muda ulipokaribia kwisha, msaidizi wa mwalimu alipita nyuma yetu akitumalizia kazi ili kila mmoja atoke na kitu shingoni. Nilitoka nimefurahi kweli. Siku ya sita nauvua, ukaachia katikati, vipande viwili vikabaki kiganjani, na sikujua pa kuanzia kuvirudisha. Sehemu kubwa ya ule mkufu mikono yangu haikuipitia.

Tangu hapo nimekaa kwenye warsha nyingi za watu wengine, na kwa miaka kadhaa sasa ninafundisha za kwangu. Anayeniuliza aanzeje namwambia: nenda warshani kutafuta kitanzi. Mkufu utakuja wenyewe.

Simaanishi shanga zilizotungwa kwenye uzi. Katika kazi hii kila ushanga hukaa kwenye kipande chake cha waya, na waya ule hukunjwa kila upande uwe kitanzi kidogo. Ushanga mmoja na vitanzi vyake viwili mimi huuita pingili. Pingili hushikana, kitanzi ndani ya kitanzi, hadi urefu utimie. Kama umewahi kuiangalia kwa karibu rozari ya waya, umeshauona mkufu huu.

Fanya hesabu kabla hujashika chochote. Ushanga wa milimita 6, ukiwa na vitanzi vyenye uwazi wa milimita 2, hutoa pingili inayokula milimita 11 hadi 12 za urefu. Mkufu wa sentimita 45, ukitoa sentimita 2 za kishikizo, unataka pingili kama 37. Hivyo ni vitanzi 74. Kitanzi chako kikiwa kibaya, utaurudia ubaya huo mara 74, na kimoja tu kikiachia, mkufu wote uko chini.

Kuchagua warsha

Uliza maswali matatu kabla ya kujiandikisha. La kwanza, wanafunzi ni wangapi kwa mwalimu mmoja? Mimi sizidishi sita, kwa sababu kosa la kitanzi linaonekana wakati mkono unageuka. Mkono ukishatulia, limejificha. La pili, je, kila mwanafunzi ana koleo zake, au mnapokezana? Kama mnapokezana, nusu ya muda utakuwa unasubiri. La tatu ndilo zito: saa ya kwanza mnafanya nini? Ukijibiwa kwamba mnachagua shanga na kupanga rangi, jua umealikwa kwenye burudani, na burudani si vibaya. Ukijibiwa kwamba mnakunja waya mtupu, jiandikishe.

Ukifika, usikae ng'ambo ya meza ukitazamana na mwalimu. Mikono yake utaiona kinyume, na akili itachoka kuigeuza. Kaa ubavuni pake, au simama nyuma ya bega lake anapoonyesha. Unayetumia mkono wa kushoto ndiye unaweza kukaa mbele yake, kwani kwako kinyume hicho ndicho sahihi.

Vifaa

Koleo, au plaizi kama mafundi wengi wanavyoziita, ni tatu. Moja ina meno mawili ya mviringo yanayochongoka kuelekea nchani: ndiyo inayozaa kitanzi. Ya pili ina mdomo mwembamba uliobapa kwa ndani, ya kushikia na kubania. Ya tatu ni ya kukatia. Ya kushikia iwe laini ndani ya mdomo. Yenye meno ya msumeno, kama ya fundi umeme, itautafuna waya na alama hazitoki.

Waya hupimwa kwa namba, na namba ikipanda waya huwa mwembamba. Namba 20 ni milimita 0.8, namba 22 ni kama 0.64, namba 24 ni kama 0.5. Kwa kitanzi cha wazi, yaani kinachofungwa kwa kukutanisha ncha tu, tumia 0.8, kwa sababu kinachokishikilia ni ugumu wa waya peke yake. Jifunze kwa shaba nyekundu, ambayo ni laini na inasamehe. Waya uliopakwa rangi ya dhahabu uache kwanza: koleo la mwanafunzi litaukwaruza, na utadhani tatizo ni mkono wako. Ukifika kwenye fedha, ile inayoitwa 925 ina sehemu 92.5 za fedha halisi katika kila 100. Na kabla ya kumpa mtu zawadi, muulize kama ngozi yake humwasha akivaa vito vya bei rahisi, maana wengi hudhuriwa na nikeli iliyomo.

Ongeza kitambaa kisichoteleza cha kutandika mezani, rula, na taa inayomulika kutokea upande wa mkono usiokata. Vaa miwani, hata isiyo na lenzi za kusomea. Kipande kinachokatwa huruka, kwa hiyo kizibe kwa kidole au elekeza koleo ndani ya kitambaa.

Kitanzi chenyewe

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu ndipo palipo na kazi.

Usikate vipande vya waya mapema. Fanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye roli. Utapoteza waya kidogo sana. Nyoosha sentimita kumi za mwanzo kwa kuzivuta katikati ya vidole vilivyoshika kitambaa. Kata ncha, na uangalie koleo la kukatia: upande mmoja wa mdomo wake umebapa, mwingine una bonde. Upande uliobapa ndio uelekee kazi yako. Ukikosea, ncha itabaki na pembe kali kama meno ya panya, na itakamata nguo na nywele.

Kabla ya kushika koleo la mviringo, weka alama ya wino usiofutika kwenye meno yake, pale ambapo unene unakupa uwazi wa milimita 2. Vitanzi vyote 74 vizaliwe kwenye alama hiyo. Wanafunzi wangu wakiniuliza kwa nini mikufu yao inaonekana ya kitoto ilhali shanga ni nzuri, jibu huwa hapa: kitanzi kimoja kimekunjwiwa nchani mwa koleo, kingine shinani.

Ingiza ushanga kwenye waya na uusukume nyuma kuelekea roli, kisha shika ncha ya waya kwenye alama. Pitisha kidole juu ya meno ya koleo. Ukihisi waya unakuchoma, umetokeza, urudishe ndani. Sasa geuza kiganja kutoka kwako, polepole, mpaka kifundo cha mkono kigome. Usilazimishe. Legeza koleo bila kulitoa, rudisha mkono, bana tena, endelea kugeuza mpaka ncha iguse waya. Ukilazimisha kumaliza kwa mzunguko mmoja, kitanzi kitatoka kama yai.

Hapo una umbo lililoegemea upande mmoja, kama herufi P. Ingiza ncha ya koleo shingoni, pale kitanzi kinapokutana na waya, ukikunje kirudi nyuma kidogo hadi kikae katikati, kama kichwa juu ya shingo. Hatua hii watu huiruka kwa sababu P nayo inashika. Inashika, ila mkufu utajipinda ukivaliwa.

Rudisha ushanga. Usukume hadi uguse kitanzi. Upande wa pili, laza waya kwa kidole gumba moja kwa moja juu ya ushanga, upate kona ya nyuzi 90. Acha sentimita 1, kata. Mbona sentimita 1? Uwazi wa milimita 2 na waya wa 0.8 hufanya duara linalokula karibu milimita 9 za waya. Iliyobaki ni ya mkono wako unaojifunza. Bana ncha kwenye alama, geuza kuelekea ushanga hadi pengo lifunge.

Laza pingili mezani. Vitanzi vyote viwili vilale pamoja. Kimoja kikiinuka, shika kila kitanzi kwa koleo lake na usokote kidogo hadi vilingane. Kisha jaribu kupitisha unywele kwenye kiungio. Ukipita, bado kuna pengo.

Waya hauvumilii kukunjwa na kukunjuliwa. Kila mkunjo unaufanya mgumu zaidi, na mkunjo wa nne au wa tano mahali palepale unaweza kuuvunja. Ukiwa umekosea mara mbili, kata uanze upya.

Kuunga

Ule mkufu wangu wa siku sita uliharibikia hapa. Nilifungua vitanzi kwa kuvitanua, ncha zikiachana kushoto na kulia, umbo la duara likafa na halikurudi tena. Kitanzi hufunguliwa kama mlango kwenye bawaba: ncha moja inakuja kwako, nyingine inabaki, duara lenyewe halibadiliki. Ingiza pingili jirani, rudisha mlango, upitishe kidogo tu sehemu ya kufungia kisha uurudishe, maana waya una tabia ya kuruka nyuma. Sikiliza: ncha zikikutana vizuri hutoa mlio mdogo sana. Vipete vya kuungia kishikizo hufunguliwa vivyo hivyo.

Lulu zitakugomea. Tundu zake mara nyingi ni finyu na waya wa 0.8 haupiti, ukilazimisha, unaipasua. Kwa hizo tumia waya wa 0.5, lakini waya huo ni laini mno kwa kitanzi cha wazi. Hapo unahitaji kitanzi cha kuzungusha: acha sentimita 3 za waya, bana milimita 2 juu ya ushanga, kunja, tengeneza kitanzi, kisha mkia uuzungushe shingoni mara mbili au tatu, mizunguko ikibanana, ukate na ubonyeze ncha ndani. Kina nguvu kuliko cha wazi kwa sababu hakina pengo la kufunguka. Na kwa sababu hiyohiyo, lazima ukipitishe kwenye pingili jirani kabla ya kuzungusha. Kila warsha kuna anayemaliza pingili kumi nzuri za kuzungusha, zimejipanga mezani, hakuna hata moja iliyoshikana na nyingine. Zisitupwe: ziunganishe kwa vipete.

Kishikizo cha fimbo na pete kina sharti lake. Fimbo lazima ilale ipite ndani ya pete, kwa hiyo upande wa fimbo tanguliza vipete vitatu au vinne vitupu kabla ya ushanga wa kwanza. Shanga nene zikifika hadi kwenye fimbo, haitaingia.

Kabla ya kuondoka, na siku mbili baadaye

Mwombe mwalimu akutengenezee pingili moja mbele yako, uende nayo. Hiyo ndiyo kipimo chako utakapokuwa peke yako. Mwombe jirani akurekodi kwa simu nusu dakika, mikono yako tu. Wengi humrekodi mwalimu, lakini mkono wa mwalimu unajua njia na hautakuonyesha pale wako unapokwama. Mwanafunzi wangu mmoja aliniambia, "Mwalimu, nilipojitazama nikaona ninageuza kiwiko badala ya kifundo." Nilikuwa nimemwambia hivyo mara tatu asinielewe.

Ndani ya siku mbili kunja vitanzi 20 vya waya mtupu, bila ushanga hata mmoja. Ukisubiri wiki, mkono umesahau pembe. Vipange kwa mfuatano, cha kwanza hadi cha ishirini, juu ya karatasi nyeupe, ukiweka cha mwalimu pembeni. Kwa kawaida kuanzia cha kumi na mbili hivi vinaanza kufanana. Hapo ndipo ufungue mfuko wa shanga.

Pima kifundo cha mkono kwa futi ya fundi cherehani, ongeza sentimita 1.5 hadi 2, utengeneze bangili kabla ya mkufu. Pingili 14 au 15 zinatosha, na mkono utaijaribu kazi yako kuliko shingo, kwa kuwa bangili hugonga meza na kukwama mifukoni siku nzima. Vaa wiki moja. Kila jioni ipitishe kwenye vidole ukitafuta pengo lililofunguka.

Ule mkufu wa kwanza niliukata wote baadaye. Nilipima vitanzi vyake na rula nikakuta saizi nne tofauti, na karibu nusu vilikuwa na pengo ambalo unywele ulipita. Shanga niliziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikazikausha juu ya kitambaa, nikafungua roli mpya ya shaba, nikaweka alama kwenye koleo, nikaanza na pingili ya kwanza.