Namna ya Kuhudhuria Onyesho la Bendi ya Roki kwa Mara ya Kwanza

Wengi wanaojiandaa kuitazama bendi ya roki jukwaani kwa mara ya kwanza hushughulika sana na tiketi na mavazi, ilhali yatakayoamua kama watafurahi ni mambo mawili: mahali watakaposimama na namna watakavyoyalinda masikio yao.

Siku chache kabla ya onyesho, sikiliza rekodi za bendi hiyo zilizonaswa jukwaani, si zile za studio peke yake. Studioni mpiga gitaa mmoja anaweza kurekodi sehemu kadhaa na kuzipandanisha, lakini jukwaani ana mikono miwili tu, hivyo wimbo unaoujua utakujia mwepesi hapa na mzito pale, na mara nyingi kwa kasi zaidi ya uliyoizoea. Ukishalijua hilo mapema, hutapoteza nusu ya onyesho ukilinganisha, bali utaona jinsi mpiga besi na mpiga ngoma wanavyotazamana kila wimbo unapokaribia kubadilika, jambo ambalo hakuna rekodi inayoweza kukuonyesha.

Kuhusu masikio, sitaki kulegeza neno hata kidogo: usiingie ukumbini bila viziba masikio. Shirika la Afya Duniani, katika kiwango lilichotoa mwaka 2022 kwa kumbi na matamasha, liliweka kikomo cha wastani wa desibeli 100 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na maonyesho ya roki hufika hapo kwa urahisi na hata kupita. Ikumbukwe kwamba kila desibeli 3 zinapoongezeka, nishati ya sauti huwa maradufu, kwa hiyo tofauti inayoonekana ndogo kwenye tarakimu ni kubwa kwa sikio. Viziba vya sponji ni rahisi kupatikana, ila wengi huviingiza vibaya kisha wakalalamika kwamba havisaidii. Kisokote kwa vidole mpaka kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa na uvute sikio juu na nyuma ili njia yake inyooke, kisha kiingize na ukishikilie kwa kidole mpaka kitanuke na kujaa. Sponji hufifisha zaidi sauti kali kama za matoazi. Ukiweza, nunua vile vyenye kichujio vinavyotumiwa na wanamuziki, kwa sababu hupunguza sauti zote kwa uwiano unaokaribiana. Pamba au karatasi laini si kinga. Mlio masikioni baada ya onyesho ni dalili kwamba masikio yameelemewa, na usipokoma baada ya siku moja au mbili, muone daktari.

Sasa mahali pa kusimama. Mstari wa mbele una raha yake, kwani unaona vidole juu ya nyuzi na jasho usoni mwa mwimbaji, lakini si mahali pazuri pa kusikilizia. Pale mbele ngoma na amplifaya za gitaa zinakufikia moja kwa moja kutoka jukwaani, wakati sauti ya mwimbaji inapita kwenye spika kubwa za pembeni zinazoelekezwa kwa umati ulio nyuma yako, na matokeo yake maneno humezwa. Tafuta meza ya fundi mitambo, ambayo kwa kawaida huwa katikati ya ukumbi ikitazamana na jukwaa, nawe usimame karibu nayo: fundi huyo hupima na kusawazisha vyombo vyote kwa masikio yake akiwa palepale. Mbele ya spika usisimame kamwe.

Ukipenda kuwa katikati ya vijana wanaoruka na kusukumana, nenda, ila ujue desturi yao: anayeanguka huinuliwa papo hapo na walio karibu naye. Vaa viatu vilivyofunika vidole. Kusukumana kwa furaha ni tofauti na msongamano unaokubana hadi ukakosa nafasi ya kuinua mikono. Huo ni hatari ya kweli. Mwaka 1979 watu 11 walifariki Cincinnati, Marekani, katika msongamano wa milangoni kabla ya onyesho la bendi ya roki ya The Who, na mwaka 2000 wengine 9 walipoteza maisha kwenye tamasha la Roskilde nchini Denmark. Ukihisi unabanwa, weka mikono mbele ya kifua ili upate nafasi ya kupumua, baki wima, na kila msukumo unapolegea sogea kimshazari kuelekea pembeni badala ya kupingana na umati.

Fika mapema uwasikilize wanaotangulia, maana nao wamejiandaa. Bendi kuu ikiaga, usikimbilie mlangoni: ni kawaida warudi kupiga nyimbo mbili tatu zaidi, na mara nyingi wimbo mkubwa huwa umewekwa hapo. Ondoka taa za ukumbi zitakapowashwa.